BCG, VPM1002, MTBVAC au M72: chanjo ipi ya kifua kikuu ni ya nani?

Mtazame mtu mkono. Aliyechanjwa utotoni Tanzania ana kovu la duara, dogo kama kifungo cha shati, kwenye bega la kulia. Aliyechanjwa Kenya analo mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Hiyo ni BCG, na kwa wengi wetu ni miongoni mwa sindano za kwanza tulizochomwa duniani, kabla hata jina halijaandikwa kwenye cheti.

Baba yangu mdogo alikuwa nalo kovu hilo. Alikuwa fundi cherehani, akishona na wenzake watatu kwenye chumba chenye dirisha moja. Akiwa na miaka 34 alianza kukohoa, nguo zikaanza kumpwaya, usiku akawa analowesha shuka kwa jasho. Makohozi yakapimwa, yakakutwa na vimelea vya kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita, akapona. Ila swali alilouliza siku aliyopewa majibu sijalisahau: "Si mimi nilichanjwa?"

Alichanjwa. Lakini chanjo aliyopewa ilikuwa ya mtoto, na kazi yake ilikwisha zamani.

Leo kuna chanjo mpya zilizofika majaribio makubwa ya mwisho, na baadhi zinajaribiwa hapa hapa Tanzania, Kenya na Uganda. Watu wanauliza ipi bora. Nimeandika ulinganisho huu nikiwafikiria watu watatu: mzazi anayeombwa mtoto wake mchanga aingie kwenye jaribio, mtu mzima anayesikia habari hizi redioni na kujiuliza kama asubiri, na yule atakayekaa kwenye kikao siku ya kugawa fedha za chanjo. Hawatachagua kitu kimoja, wala hawapaswi.

Uliza kazi kabla ya kuuliza asilimia

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa vimelea vya kifua kikuu. Wengi wao hawataugua hata siku moja. Vimelea vinakaa mapafuni vimezungukwa na askari wa mwili, kama kaa la moto lililofunikwa majivu jikoni. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 ndio watakaougua katika maisha yao, zaidi katika miaka miwili ya mwanzo, au pale mwili unapodhoofika kwa VVU, kisukari, utapiamlo au vumbi la mgodini.

Kwa hiyo chanjo inaweza kupewa kazi tatu zisizofanana. Ya kwanza ni kuzuia vimelea visijenge makao mwilini kabisa. Ya pili ni kumlinda mtu asiugue, hata kama vimelea vimeshaingia. Ya tatu ni kumzuia aliyepona asirudiwe na ugonjwa. Chanjo inaweza kuiweza kazi moja na kushindwa nyingine, kwa hiyo asilimia isiyosema ni ya kazi ipi haikusaidii kuchagua.

Kuna jambo la nne ambalo watu hulisahau, nalo ni nani anayeambukiza wengine. Mwaka 2024 watu milioni 10.7 waliugua kifua kikuu duniani, na milioni 1.23 wakafa. Zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanaume wazima. Watoto walikuwa kama mmoja kati ya tisa. Mtoto mdogo mwenye kifua kikuu mara nyingi ana vimelea vichache na kikohozi chake hakina nguvu, hivyo huambukiza kwa nadra. Ugonjwa unasafiri kupitia vijana na watu wazima: kwenye daladala, kwenye vyumba vya kushonea, bwenini, gerezani, machimboni. Mtoto anayeugua mara nyingi ameupata kwa mtu mzima wa nyumbani.

Nikilinganisha chanjo hizi, jambo hilo nalipa uzito kuliko mengine yote.

BCG: ya zamani, na bado haina mbadala kwa mtoto

Albert Calmette na Camille Guérin walianza kazi hii mwaka 1908 mjini Lille, Ufaransa. Walichukua vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe, wakavikuza juu ya vipande vya viazi vilivyotiwa nyongo na gliserini, na kila baada ya wiki chache wakavihamishia kwenye viazi vipya. Walifanya hivyo mara 230, kwa miaka 13, Vita Kuu ya Kwanza ikipita katikati. Vimelea vikapoteza ukali. Mwaka 1921 mtoto mchanga wa Paris akanyweshwa chanjo hiyo. Siku hizo ilikuwa inanyweshwa, haichomwi.

Kwa mtoto, BCG ni chanjo nzuri. Inamkinga na aina mbili za kifua kikuu zinazoua watoto haraka: ile inayoingia kwenye utando wa ubongo, na ile inayosambaa mwili mzima. Aliyewahi kumwona mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu, shingo imekaza na macho hayafuati kitu, hataidharau sindano hii.

Kwa mtu mzima hesabu inavurugika. Nchini Uingereza, jaribio lililoanza mwaka 1950 kwa wanafunzi wa miaka 14 na 15 lilionyesha kinga ya zaidi ya asilimia 75. Chingleput, kusini mwa India, jaribio la watu zaidi ya 260,000 lililoanza mwaka 1968 halikuonyesha kinga yoyote dhidi ya kifua kikuu cha mapafu kwa watu wazima. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba katika nchi za joto watu wanakutana mapema na bakteria wengine wa jamii hiyo walio kwenye udongo na maji, au wameshaambukizwa kifua kikuu chenyewe, na mwili uliokwisha kujifunza hauoni jipya kwenye BCG. Kwa lugha ya ramani, chanjo hii hudhoofika kadiri unavyosogea kwenye ikweta, ndiko tuliko sisi.

Je, turudie BCG ukubwani? Swali hili limeulizwa sana, na jibu lake ni la kuumiza. Mwaka 2018 jaribio la vijana wa Afrika Kusini lilionyesha kwamba waliorudiwa BCG walipungukiwa na maambukizi ya kudumu kwa asilimia 45. Matumaini yakapanda. Jaribio likarudiwa kwa vijana wapatao 1,800, na matokeo yaliyotoka mwaka 2025 hayakuonyesha faida yoyote. Kwangu mimi mlango huo umefungwa kwa sasa, na mtu akikushauri ukachomwe BCG ya pili kwa ajili ya kifua kikuu, mwambie hivyo.

BCG ina udhaifu mwingine unaouona kliniki. Kichupa kimoja kina dozi 20 au zaidi kulingana na mtengenezaji, na kikishachanganywa na maji yake kinapaswa kutupwa ndani ya saa 6. Zahanati ndogo haiwezi kufungua kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja, basi mama anaambiwa arudi siku ya BCG, siku ambayo watoto wengi wamekusanywa. Wengine hawarudi mapema. Jambo hili likumbuke, kwa sababu chanjo mbili zinazofuata nazo ni vimelea hai vilivyokaushwa.

VPM1002: BCG iliyofanyiwa ukarabati

Hii ni BCG ile ile iliyobadilishwa jeni na watafiti wa Taasisi ya Max Planck, Ujerumani, chini ya Stefan Kaufmann. Waliondoa jeni moja na kuingiza nyingine kutoka kwa bakteria wa listeria, ili chembe za kinga zikiimeza chanjo, siri zake zivuje ndani ya chembe na mwili uzisome vizuri zaidi. Inatengenezwa na Serum Institute of India, kiwanda kinachojua kutengeneza kwa wingi na kwa bei ya chini.

Jaribio lake kubwa la vichanga limefanyika Gabon, Kenya, Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, likiwa na watoto karibu 7,000. Katika jaribio dogo lililotangulia, lililohusisha pia watoto wa akina mama wenye VVU, ilileta majipu na mitoki michache kuliko BCG. Kwa mama ambaye mtoto wake alivimba kwapa kwa wiki kadhaa, hilo si jambo dogo.

Ila angalia kazi iliyopewa: jaribio hilo linapima kama mtoto ameambukizwa, kwa kipimo cha damu. Ugonjwa wenyewe sicho kipimo chake kikuu. Hata ikishinda, itakuwa BCG bora kwa watoto. Swali la baba mdogo, jaribio hili haliwezi kulijibu.

MTBVAC: kimelea cha binadamu, si cha ng'ombe

Hapa ndipo ninapoanza kuchangamka. BCG ilitokana na ng'ombe, na katika ile miaka 13 ya viazi ilipoteza vipande kadhaa vya jeni, vikiwemo vinavyotengeneza protini ambazo mwili wa mtu anayeambukizwa kifua kikuu huzitambua kwa nguvu. Kwa maneno mengine, BCG inaufundisha mwili kwa picha yenye matundu.

Carlos Martín wa Chuo Kikuu cha Zaragoza, Hispania, na wenzake walichukua njia nyingine. Walianza na kimelea cha kifua kikuu cha binadamu mwenyewe, kilichotoka kwa mgonjwa, wakakiondolea jeni mbili, phoP na fadD26, ambazo ndizo zinazokipa ukali. Waliondoa mbili kwa makusudi: moja peke yake ingeweza kubadilika na kurudi hali ya zamani, lakini mbili zilizokatwa kabisa hazirudi. Picha inayobaki ni karibu kamili. Inatengenezwa na Biofabri, huko huko Hispania.

Kwa vichanga, jaribio la awamu ya tatu, yaani lile kubwa la mwisho, lilianza mwaka 2022 nchini Afrika Kusini, Madagaska na Senegali, likilenga watoto zaidi ya 7,000, nusu wakipewa MTBVAC na nusu BCG. Tena kinachopimwa ni ugonjwa wenyewe, jambo gumu na la kuchukua muda, ila ndilo tunalotaka kulijua. Kwa vijana na watu wazima kuna jaribio jingine, la awamu ya pili, Afrika Kusini, Kenya na Tanzania.

Nguvu yake kubwa kwa upande wa utawala ni kwamba inachomwa kama BCG: dozi moja, chini ya ngozi ya juu. Muuguzi yeyote aliyezoea BCG hatahitaji semina ndefu. Ikithibitika kwa watoto na kwa watu wazima pia, nchi ingeweza kubaki na chanjo moja kwenye jokofu kwa kazi zote mbili.

Ina maswali mawili ninayoyachukulia kwa uzito. Kwanza, ni kimelea hai. Tayari Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aliyethibitika kuwa na VVU asipewe BCG hadi awe ametulia kwenye dawa za kufubaza virusi, kwa sababu BCG yenyewe inaweza kusambaa mwilini mwake. Tahadhari kama hiyo itaifuata MTBVAC kwa watu wazima, katika ukanda ambao VVU na kifua kikuu hutembea pamoja. Pili, kwa kuwa imehifadhi zile protini ambazo BCG ilizipoteza, inaweza kumfanya mtu asiye na maambukizi aonekane anayo kwenye kipimo cha damu kiitwacho IGRA, kwa sababu kipimo hicho kinatafuta protini hizo hizo. Nchi inayotegemea kipimo hicho kuamua nani apewe dawa za kinga itabidi ijipange upya.

M72/AS01E: ya kwanza kumlenga mtu kama baba mdogo

Hii haina kimelea hai ndani yake. Ni protini mbili za kimelea cha kifua kikuu zilizounganishwa kuwa moja, zikachanganywa na kichocheo cha kinga kiitwacho AS01E. Protini peke yake mwili huipuuza. Kichocheo ndicho kinachoita askari. Sehemu moja ya kichocheo hicho hutokana na gamba la mti uitwao quillaja unaoota Chile, na nyingine na ganda la bakteria wa salmonela. Si kigeni kwetu. Chanjo ya malaria RTS,S, ambayo watoto wa Kenya, Malawi na Ghana walianza kuipata mwaka 2019, inatumia kichocheo hicho hicho.

Jaribio lililoifanya ijulikane lilifanyika Kenya, Zambia na Afrika Kusini. Liliandikisha watu wazima 3,500 na ushei, miaka 18 hadi 50, wasio na VVU, wote wakiwa tayari wameambukizwa vimelea vilivyolala. Nusu walipata dozi mbili za M72, zikiachana mwezi mmoja. Nusu walipata sindano isiyo na chanjo. Baada ya miaka mitatu hivi, kwenye kundi lisilo na chanjo waliugua 26. Kwenye kundi la chanjo waliugua 13.

Ni nusu. Matokeo hayo yalitangazwa kwa ukamilifu mwaka 2019, na hapo kabla hakuna chanjo iliyowahi kuonyesha kwamba inaweza kufunika kaa la moto lisiwake kwa mtu mzima aliyekwisha kuambukizwa.

Lakini tusome tarakimu hizo kwa utulivu. Wagonjwa 13 dhidi ya 26 ni wachache. Wataalamu wa takwimu walipopiga hesabu ya ukweli unaweza kuwa wapi, walipata kwamba kinga halisi inaweza kuwa popote kati ya asilimia 2 na asilimia 74. Ile asilimia 50 inayotajwa kwenye vichwa vya habari ndiyo makadirio bora, ila yamezungukwa na uwanja mpana. Ndiyo maana jaribio la awamu ya tatu linahitajika, na ndiyo maana lina watu wapatao 20,000: Afrika Kusini, Kenya, Zambia, Malawi na Indonesia. Safari hii wamo pia watu wanaoishi na VVU, na wamo ambao hawajaambukizwa kabisa, ili tujue kama inawafaa na hao.

Awamu hiyo ilianza Machi 2024. Mwaka 2019 hadi 2024 ni zaidi ya miaka minne kati ya matokeo kamili na sindano ya kwanza ya awamu iliyofuata. Kampuni iliyoitengeneza, GSK, ilikabidhi haki za kuiendeleza mwaka 2020 kwa taasisi ya utafiti iliyo chini ya Mfuko wa Gates, na fedha, dola milioni 550, zikatoka kwa mfuko huo pamoja na shirika la Wellcome la Uingereza. Katika miaka hiyo hiyo dunia ilitengeneza chanjo za COVID-19 kwa chini ya mwaka mmoja. Siwezi kuandika sentensi hizi mbili moja baada ya nyingine nikabaki nimetulia. Ugonjwa unaoua zaidi ya watu milioni moja kila mwaka, wengi wao maskini, ulisubiri mfadhili.

Ugumu wa M72 nao tuuseme. Dozi ni mbili. Wengi waliochomwa waliumwa mkono, wakapata homa na uchovu wa siku chache, na fundi anayelipwa kwa nguo aliyoshona anaweza kusita kurudi kwa dozi ya pili. Bei nayo: mkataba wa kwanza wa UNICEF wa RTS,S, yenye kichocheo kile kile, ulikuwa euro 9.30 kwa dozi, wakati BCG ni senti chache za dola. Bei ya M72 haijapangwa, ila anayeandaa bajeti asitarajie bei ya BCG.

Kwa anayetaka kuziona kwa pamoja:

| | BCG | VPM1002 | MTBVAC | M72/AS01E |
|---|---|---|---|---|
| Imetoka wapi | kimelea cha ng'ombe kilichodhoofishwa | BCG iliyobadilishwa jeni | kimelea cha binadamu kilichoondolewa jeni mbili | protini mbili na kichocheo |
| Ni hai? | ndiyo | ndiyo | ndiyo | hapana |
| Dozi | 1 | 1 | 1 | 2 |
| Inalenga nani | mtoto mchanga | mtoto mchanga (India imejaribiwa pia kwa wakubwa) | mtoto mchanga, kisha kijana na mtu mzima | kijana na mtu mzima |
| Huchanganya kipimo cha IGRA? | hapana | hapana | huenda ndiyo | hapana |
| Imefika wapi | inatumika tangu 1921 | awamu ya tatu | awamu ya tatu kwa vichanga, ya pili kwa wakubwa | awamu ya tatu |

Zilizoishia njiani

Kabla hujaweka moyo wako wote kwenye jina lolote hapo juu, zijue na hizi, mbili zikiwa zimepita Tanzania.

Kati ya mwaka 2001 na 2008, Dar es Salaam, watu 2,013 wanaoishi na VVU walishiriki jaribio lililoitwa DarDar, jina lililounganisha chuo cha Dartmouth cha Marekani na Dar es Salaam. Walichomwa dozi tano za chanjo ya bakteria waliouawa, wa jamii moja na wa kifua kikuu. Waliothibitika kuugua walikuwa 33 kwa waliochanjwa na 52 kwa wasiochanjwa, pungufu kwa asilimia 39. Hicho hakikuwa kipimo kikuu cha jaribio, lakini kwa watu wenye VVU, kwa chanjo isiyo hai, lilikuwa jambo kubwa. Tatizo likawa kiwandani: namna ile ya kuwakuza bakteria haikuweza kuzalisha kwa wingi. Ikatengenezwa kwa njia mpya, ikaitwa DAR-901, ikajaribiwa kwa vijana Tanzania dozi tatu. Haikuwazuia kuambukizwa. Wapo wanaosema iliulizwa kazi isiyo yake, kwa kuwa awali ilizuia ugonjwa na safari hii ikapimwa kwa maambukizi. Nakubaliana nao kiasi, na nasikitika kwamba swali hilo halikurudiwa kwa watu wenye VVU wa mji ule ule uliotoa jina.

Nyingine ni H56:IC31, iliyobuniwa Denmark. Walipewa watu waliomaliza dawa za kifua kikuu Afrika Kusini na Tanzania, 831, ili wasirudiwe. Waliorudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 5.8 kwa waliochanjwa na 3.4 kwa wasiochanjwa. Tofauti hiyo haitoshi kusema chanjo iliwadhuru, lakini inatosha kusema haikuwasaidia. Kabla yake, mwaka 2013, chanjo ya MVA85A ya Chuo Kikuu cha Oxford nayo ilishindwa kuwakinga watoto wa Afrika Kusini, ingawa baadhi ya majaribio ya wanyama yalikuwa yameleta matumaini.

Nyuma ya kushindwa huku kuna tatizo moja kubwa. Kwa surua unaweza kupima damu ukajua kama mtu ana kinga. Kwa kifua kikuu hakuna kipimo kama hicho. Hatujui alama ipi ya damu inasema "huyu amekingwa". Njia pekee ni kuwachanja maelfu na kungoja miaka uone nani ataugua.

Basi nani achague nini

Mzazi wa mtoto mchanga. Mpeleke akachanjwe BCG mapema, na usingoje chanjo mpya. Ukiombwa aingie kwenye jaribio la VPM1002 au MTBVAC, uliza swali moja kabla ya mengine: kundi lisilopata chanjo mpya linapata nini? Kwenye majaribio haya linapata BCG, maana yake hakuna mtoto anayeachwa bila kinga iliyokwisha kuthibitishwa. Ukijibiwa tofauti na hivyo, ondoka. Kati ya hizo mbili, mimi ningeitazama zaidi MTBVAC, kwa sababu inapimwa kwa ugonjwa wenyewe. Ila kwa mtoto wa mama mwenye VVU ningesikiliza kwanza daktari wake.

Mtu mzima. Usisubiri. Kama nyumbani kwenu kuna aliyethibitika kuugua, au unaishi na VVU, zipo dawa za kinga leo, nyingine za miezi mitatu tu, zinazomezwa mara moja kwa wiki. Hizo zimeshathibitishwa. M72 ikipita, itakuja kuongeza juu ya hapo.

Anayegawa fedha. Hapa nasema wazi upande wangu: ningeanza kujiandaa kwa chanjo ya vijana na watu wazima, na M72 ndiyo iliyo karibu zaidi na mlango. Shirika la Afya Duniani lilipiga hesabu kwamba chanjo yenye kinga ya asilimia 50 tu kwa vijana na watu wazima ingeweza, kwa miaka 25, kuzuia hadi wagonjwa wapya milioni 76 na vifo milioni 8.5. BCG bora kwa vichanga ingeokoa watoto, nami naitaka, lakini haitauzima ugonjwa unaozunguka kati ya wakubwa. Kama fedha inatosha kitu kimoja, ianze pale ugonjwa unapotokea. MTBVAC ningeiweka ya pili, na ningekuwa tayari kubadili mpangilio huo siku matokeo yake kwa watu wazima yatakapotoka mazuri, kwa sababu dozi moja isiyohitaji kichocheo cha gharama inaweza kufika vijijini ambako dozi mbili zitachelewa.

Nikiwa mjumbe wa kikao hicho, swali ambalo ningelirudia hadi nionekane msumbufu ni hili: tutamchomea wapi? Kwa mtoto tuna kliniki, tuna kadi, tuna siku maalumu. Kwa wasichana tumejifunza kitu kupitia chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi: Rwanda ilianza mwaka 2011, Tanzania ikaisambaza nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019, na shule ndiyo iliyobeba mzigo. Kwa wavulana wa sekondari njia hiyo hiyo inaweza kutumika. Lakini mwanaume wa miaka 34, kundi linalougua zaidi, hana kliniki ya kumwita. Anapatikana kituo cha bodaboda saa kumi na mbili asubuhi, Mirerani akitoka shimoni, sokoni, kwenye nyumba ya ibada, na kwenye chumba chenye cherehani nne na dirisha moja. Kadi yake ya kliniki ya mwisho ilijazwa akiwa na miaka mitano.